Kahawa Iliyouzwa kwa Kipande cha Sabuni

Ami yangu mpenzi,

Waraka wako kutoka Vanga umenifikia hapa Bwera, na khabari ya yule tajiri mgeni aliyewaahidi wavuvi wetu nyavu na mashine za mashua bila ya kulipa hata senti imenikosesha usingizi. Wewe wataka rai yangu kabla ya Ijumaa, nami sioni njia ya kuitoa ila nikusimulie kwanza niliyoyashuhudia katika nchi hii ya ugeni.

Mji wa Kasese haukuwa mbali na pwani kama tulivyodhani utotoni, kwani reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilifikishwa huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Bwera iko mbele zaidi, karibu na Mpondwe, ambako mto Lhubiriha huitenga Uganda na Kongo. Na sokoni, katikati ya Kikonzo na Kiswahili cha Kikongo, nilifurahi mno siku za mwanzo kulisikia neno letu wenyewe, nyongeza. Mama muuza maharage akishajaza kopo, huongeza konzi moja juu yake bila ya kuombwa. Ihsani hiyo ni ya wazi: yeye ataraji nirudi, nami najua kwamba ataraji, na nisiporudi hapana anidaiye.

Lakini iko ihsani ya namna nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Katika miteremko ya Rwenzori Wakonzo hulima kahawa ya arabika, na baina ya mavuno na mavuno hupita miezi ambayo nyumba nyingi hazina fedha. Ndipo wachuuzi hupanda mlimani. Wako wanaokopesha fedha waziwazi, na mkulima akaiuza kahawa yake ingali maua, desturi ijulikanayo wilaya nzima na iliyowafukarisha wengi. Lakini hilo, kwa ubaya wake wote, ni deni lenye bei, na mtu aweza kulihesabu. Anayenitia hofu ni yule asiyetaja bei.

Jirani yangu, mzee wa makamo yako, aliletewa na mchuuzi mmoja kipande cha sabuni, kisha sukari, kisha, mjukuu wake alipougua, nauli ya hospitali. Na kila aliposhukuru aliambiwa kwamba baina ya marafiki hapana hesabu. Msimu ulipowadia, mnunuzi mwingine akasimama njiani na bei iliyo bora, na mzee yule akampita akiinamisha macho, akaenda kumuuzia rafiki yake. Na mizani iliposoma pungufu ya alivyokadiria nyumbani, hakuthubutu kuomba kahawa ipimwe tena. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa neno moja tu: “Nitamtazamaje?” Usiku ule tulikaa pamoja kwenye taa tukapiga hesabu, tukaona kwamba alichokipoteza katika magunia yale kingalimnunulia sabuni ya mwaka mzima, na sukari, na nauli ya kwenda na kurudi. Lakini kilichoniuma zaidi ya fedha ni ule ulimi wake uliofungwa mbele ya mizani.

Wataalamu wameyachungua haya. Mfaransa Marcel Mauss, katika makala yake ya mwaka 1925, alionyesha kwamba penye hiba pana wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Na mwaka 2007 Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha majaribio yao huko Marekani: chokoleti bora ilipouzwa senti 15 na ya kawaida senti 1, wanunuzi wengi walichagua iliyo bora; lakini kila moja ilipopunguzwa senti 1 na ya kawaida ikawa bure, wengi wakaikimbilia hiyo, ilhali tofauti ya bei ilikuwa ile ile. Neno bure, Ami, huizima hesabu kichwani kabla hatujaianza.

Wala sisemi kwamba kila cha bure ni mtego. Mwezi Juni mwaka 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakatibiwa hapa Bwera, chanjo ilitolewa bila malipo, na faida ya mtoaji ilikuwa wazi kwa kila mtu: maradhi yasienee. Hapana aliyefungwa ulimi kwa chanjo ile.

Sasa nyavu zenu. Wewe wajua kuliko mimi jinsi wavuvi wengi wa pwani yetu waliopewa vyombo na matajiri walivyolazimika kuwauzia wao peke yao. Basi Ijumaa mtakapokaa barazani, muulizeni mbele ya mashahidi: samaki watauzwa kwa nani, kwa bei ya nani, na kwa mizani ya nani? Na mvuvi akitaka kutoka, atatokaje? Majibu yaandikwe, naye atie sahihi. Akikataa kuandika, usiupokee wavu wake. Endelea kuufuma ule wako wa zamani, nami nitakuletea fedha za nyuzi mwisho wa mwezi, ambazo ni haki yako juu yangu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenilea.