Sabufa ya Mjomba na Mvua ya Tukuyu

Niko likizo huku kwetu Tukuyu, nakula ndizi, usiku najifunika mablanketi mawili. Nilikuja kupumzika na mikutano ya wanasiasa, lakini siku ya pili tu mjomba akanipa kazi. Anataka sabufa. Tena siyo hizi za dukani zenye vitaa vya bluu. Anataka ya kuchonga, ya kutikisa ukumbi mzima.

Mjomba ana kibanda cha video, wenyewe mnaita kibanda umiza. Zamani lilikuwa godauni la mazao: urefu mita 14, upana mita 8, kuta za matofali ya kuchoma, juu bati tupu. Humo ndimo nilimoangalia filamu za Kichina zilizowekewa maelezo ya Kiswahili na akina Lufufu. Siku hizi vijana wana filamu kwenye simu. Kilichobaki kibandani ni mpira na sinema za wikiendi, na ada za binamu zangu wawili zinatoka humo humo. Hoja ya mjomba ni fupi: "Mjomba, simu haina besi."

Hapo kasema kweli. Mawimbi ya besi ni marefu ajabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa hezi 30 una wimbi la mita 11 na ushee, karibu urefu wa ukumbi wenyewe. Kitu cha kusukuma wimbi la namna hiyo hakiingii mfukoni. Wamarekani walilijua hili mapema. Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilipotoka, studio ya Universal ilifunga spika kubwa za besi kwenye kumbi, mfumo ukaitwa Sensurround. Katika ukumbi mmoja wa Hollywood ilibidi watandaze wavu juu ya watazamaji, wakihofia vipande vya plasta kuwaangukia.

Tatizo ni ukubwa wa chumba. Sebule ya kawaida ya mita 4 kwa 4 ina hewa kama mita za ujazo 45. Ukumbi wa mjomba una karibu 390. Sabufa inayotetemesha vikombe sebuleni, humu inakohoa tu. Fundi redio tuliyemwita alipendekeza amplifaya yenye nguvu mara mbili. Nikamwambia, kaka, nguvu mara mbili inaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia tofauti ndogo. Afadhali spika inayosukuma hewa nyingi, ndani ya boksi lenye nafasi, na boksi tulibane kwenye kona ili kuta na sakafu zisaidie kuirudisha sauti ukumbini.

Tukakubaliana: spika moja ya inchi 15, boksi la plaiwudi nene, kwa ndani sentimita 50 kwa 50 kwa 60, yaani lita 150. Mbele tukatoboa matundu mawili ya mabomba ya PVC ya inchi 4, kila bomba sentimita 28. Mabomba hayo ndiyo siri. Hewa iliyomo ndani yake hucheza pamoja na hewa ya boksi, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ikalia. Kwa vipimo hivyo boksi linalia karibu na hezi 30. Ukirefusha bomba, linashuka zaidi. Tukaweka mbao za kukaza kwa ndani, gundi kila kiungo, silikoni kila ufa, maana boksi likivuja linatoa mluzi badala ya besi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ikipiga kwenye bati tupu humsikii hata aliyekaa kiti cha pili. Mjomba aliamini sabufa itaishinda. Haiwezi. Besi iko chini ya hezi 100, wakati maneno ya mtu yanaeleweka kwenye sauti za juu zaidi, mamia ya hezi hadi elfu kadhaa. Mvua ya bati inafunika pale pale. Ungeongeza sabufa kumi, wateja wangesikia mlipuko tu bila kujua nani kamlipua nani.

Mjomba alikuwa ametenga hela ya spika mbili. Nikamwomba ya pili iwe dari. Alininunia siku nzima. Kwake dari ni pambo, sabufa ni biashara. Nikampeleka kanisani siku ya mvua, kuna dari. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, akasikiliza kwaya ikifanya mazoezi, akatoka bila kusema kitu. Kesho yake akamwita seremala.

Likabaki la jirani. Nyuma ya ukumbi anaishi bibi mmoja, ukuta wake uko hatua chache tu, na besi haijui ukuta. Aliona boksi likikauka nje akauliza, "Mwanangu, hilo kabati la nani?" Tulimweleza ukweli wote, tukamwasha asikie akiwa kitandani kwake. Dirisha likagonga. Hakufoka. Alisema yeye hulala saa tatu, na mwenye ukumbi alizaliwa akimwona. Mjomba akaenda mwenyewe jioni ile. Wamekubaliana sabufa izimwe saa tatu kamili, filamu iendelee kwa spika ndogo, na boksi likahamia kona ya mbali upande wa barabarani.

Jumamosi ilinyesha tangu mchana. Watu walijaa kiasi, siyo kupita kiasi. Maneno yalisikika mpaka nyuma, na ndege ya kwenye filamu ilipoanguka, mtoto mmoja alishika benchi kwa mikono miwili. Kama itatosha ada ya Januari sijui, mjomba naye hajui. Ila saa tatu kamili nilimwona akiinuka, anapita katikati ya watu kwenda kuchomoa waya, na walipozomea hakugeuka.