Keekee ya Kuazima

Niliazima keekee ya kutobolea barafu, nikaiharibu, nikamrudishia mwenyewe nikimwambia iko salama. Naanza na hilo kwa sababu kwa wiki tano nililizunguka, na leo sitaki kulizunguka tena.

Naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huu mwaka wa tisa. Nilizaliwa Kigoma, katika nyumba ambamo usiku wa giza ulimaanisha wanaume wako ziwani na karabai wakivua dagaa, na usiku wa mbalamwezi ulimaanisha nyavu zimeanikwa. Kwa hiyo nilipofika huku nikakuta watu wanatembea juu ya ziwa, wanatoboa tundu la upana wa sahani na kukaa mbele yake kutwa, niliona wavuvi tu. Nikataka kuwa mmoja wao.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee aliyekwisha kupita miaka sabini. Kabla hajanionyesha ndoano alinionyesha kupima barafu: sentimita 10 za barafu safi na ngumu ndipo mtu atembee juu yake, na kila ukisogea hatua kadhaa unatoboa tena, kwa kuwa barafu ya ziwa moja hailingani unene. Penye mkondo huwa nyembamba, na theluji nyingi juu yake huifunika kama blanketi isigande sawasawa. Keekee, basi, kwanza ni kifaa cha kumrudisha mtu nyumbani, halafu ndiyo cha kutafutia samaki. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Sina udhuru wa ugeni.

Yenyewe ni kama parafujo kubwa, urefu wake mita moja hivi, upana sentimita 20. Juu ina mota, mipini miwili na betri ya volti 40. Chini ina visu viwili. Watu hudhani visu hivyo vinachimba. Vinapiga randa. Vinaondoa barafu tabaka kwa tabaka, jinsi fundi wa mitumbwi anavyolainisha ubao, na parafujo inapandisha machicha juu. Randa ikiwa na pengo kwenye makali haifanyi kazi, na kisu hiki ni hivyo hivyo. Hata kisipovunjika, utando mwembamba wa barafu ukikigandia makali, keekee huzunguka palepale bila kuuma.

Januari mwaka jana nilikwenda Ziwa Mille Lacs na rafiki yangu wa Bukavu, siku mbili. Mzee aliniazima keekee yake. Alinipa na kifuniko cha visu na taulo kuukuu, akaniambia mambo matatu: betri ikae ndani ya koti langu mpaka nitakapoihitaji, nikimaliza kutoboa, nikaushe visu kabla ya kuvifunika, na nisiigonge. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Tulipata samaki wanaoitwa walleye, wanne, na wadogo wengine. Jioni upepo ukageuka, vidole vikaanza kuuma, nikatoa keekee kwenye tundu la mwisho ikiwa imejaa rojo la maji na barafu, nikaitupa nyuma ya pikapu. Taulo lilikuwa mkononi mwangu. Nililiona, nikaliacha. Betri sikuichomoa.

Usiku ule baridi ilifika nyuzi 29 chini ya sifuri.

Asubuhi keekee ilikuwa nguzo ya barafu. Nikaishika mipini yote miwili nikaigonga barafuni upande wa visu, mara nne au tano, kwa nguvu. Rafiki yangu akaniambia, "Ndugu, acha, hicho ni kitu cha watu. Tukiingize hemani kiyeyuke." Hema lilikuwa na hita, na ingetuchukua labda robo saa. Ningeifuta ikauke, nikaitoa. Nilimjibu kwamba samaki hawasubiri, nikagonga tena. Chuma cha visu hivi ni kigumu na makali yake ni membamba sana. Kikipigwa kwenye barafu ngumu katika baridi kama ile, kinamomonyoka. Nilisikia mlio wake ukibadilika, nikaendelea.

Betri nayo ilikataa. Ndani ya betri za lithiamu kuna kimiminika ambamo chaji hupita, na baridi hukizubaisha. Inaweza kuonekana imekufa kumbe imezizima tu. Ningeiweka kifuani chini ya koti, ingezinduka. Mimi niliichomeka kwenye chaja ya bei rahisi niliyokuwa nayo garini, ikiwa bado kama jiwe la barafu. Chaja nyingi nzuri hukataa betri iliyoganda. Ile yangu ilikubali. Hapo ndipo uharibifu wenyewe ulipotokea. Ukiichaji betri ya namna hiyo chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hushindwa kuingia mahali pake, hujibandika juu kama utando wa chuma, na utando ule hautoki tena. Betri hupungua nguvu daima, na huweza hata kuwa ya hatari. Haya yote niliyasoma baadaye. Lakini "betri ikae ndani ya koti" niliambiwa mapema, na halikuwa jambo la kusomea.

Jumapili usiku, chini ya taa ya gereji yangu, niliviona visu. Kimoja kilikuwa na pengo kama punje ya mchele, cha pili mawili madogo zaidi. Nikavikausha vizuri, nikavifunika kwa kifuniko chake, nikalifua taulo. Ndiyo, nililifua taulo. Nilikuwa naandaa uongo wangu uwe safi. Asubuhi nikampelekea mzee na samaki wawili juu yake. Akauliza keekee ilifanya kazi vipi. Nikasema, "Vizuri sana, mzee, ahsante."

Jumamosi iliyofuata alimpeleka mjukuu wake wa miaka minane ziwani, kwa mara ya kwanza. Nilipata habari kesho yake tukiondoa theluji mbele ya nyumba zetu. Keekee iliteleza juu ya barafu bila kuuma. Alipoikandamiza kwa uzito wa mwili ikaanza kuingia, na betri ikazima kabla tundu halijafika nusu. Wakarudi. Mtoto alilia garini.

Kisha akasema neno ambalo sijaacha kulisikia. Alisema lazima yeye mwenyewe aliiweka ikiwa na maji mahali fulani, au aliigonga akasahau. Siku hizi anasahau mambo. Mkewe kwa muda mrefu amekuwa akimwambia umri wake si wa kwenda barafuni tena, na huenda mkewe anasema kweli.

Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake na koleo mkononi. Sikusema kitu. Nilimwacha mzee yule aende nyumbani akaamini kwamba akili yake inamtoka, ili mimi nisionekane mzembe. Visu vinauzwa, na betri pia. Lile nililomchukulia pale nje haliuzwi dukani.

Wiki zile nilijifunza utunzaji wa keekee kama mtu anayefanya kitubio. Nilijifunza kwamba haifai kuiingiza kwenye joto na kuitoa ovyo, maana chuma chenye joto kikigusa theluji huiyeyusha, maji yakatambaa kwenye visu, na nje yakaganda upya; bora ikae baridini, lakini kavu kabisa. Nilijifunza kwamba visu hubadilishwa viwili kwa pamoja, na boliti zake hukaguliwa kila safari. Wenye mashine za petroli nao wana mateso yao: mafuta yaliyolala tangu kiangazi hunyonya unyevu, na maji hayo huganda kwenye njia ya mafuta. Nilikuwa najua mengi, na bado nilikuwa napita mlango wa mzee kwa kuinamisha kichwa.

Mke wangu ndiye aliyenikatisha. Nilimweleza usiku mmoja, nikitegemea anifariji. Akaniuliza kama babu yangu Kigoma angerudisha wavu wa mtu ukiwa umechanika na kusema ni mzima. Akazima taa.

Mwisho wa Februari nilinunua visu vipya na betri, nikaenda. Mzee alikuwa gerejini. Niliweka vitu mezani, nikamwambia nilichofanya, kwanza kuigonga, halafu chaja, halafu kunyamaza. Nilitarajia hasira na nilikuwa tayari nayo. Akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, akaniangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, si wewe.

"Sikuiweka na maji."

"Hapana, mzee. Mimi ndiye."

Hakuvigusa visu wala betri. Aliinuka, akaufungua mlango wa kuingilia nyumbani, akamwita mkewe aje asikie. Mama yule akaja akifuta mikono, akasimama mlangoni. Nikaeleza tena yote, kuanzia taulo.