Mchuzi Uliobaki Chunguni



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa akina mama, mazungumzo yaligeukia habari ya chakula, na mmoja akauliza kama ni aibu kwa nyumba ya Kikristo kula leo mchuzi uliopikwa jana. Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Nasi tuliona ya kuwa walionyamaza ndio waliokuwa na neno moyoni. Maana hapana nyumba kisiwani hapa isiyojua kiporo, lakini ni wachache wapendao kukitaja mbele ya wageni. Basi sisi, mume na mke, tuliolea watoto sita kwa mshahara mdogo na mikarafuu michache, tumeona vema kuwaandikia yale tuliyojifunza, pamoja na kosa tulilolifanya, ili mtu mwingine asilirudie.

Nyama si chakula chetu cha kila siku. Pemba ni kisiwa cha samaki na muhogo. Dagaa, changu na pweza ndio kitoweo cha kawaida, na nyama ya ng'ombe hununuliwa Jumapili, au mgeni akija, au karafuu zinapouzwa. Karafuu nazo hazizai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka wa pili mchumaji hushuka na pakacha jepesi. Kwa hiyo nusu kilo ya nyama ikiingia jikoni, mama wa nyumba hufikiri sana kabla ya kutia kisu. Nyama yenyewe huisha upesi, kwa kuwa vipande vyahesabika. Bali mchuzi hubaki, na ndani ya mchuzi ule mna vitunguu, nyanya, tangawizi, thomu, mafuta, kuni, na jasho la mtu. Hiyo ndiyo mali tunayoinena leo.

Mwaka 1988, tulipokuwa tungali vijana wenye watoto watatu, masika yalikuwa na mvua nyingi, na fedha hapana. Jumapili moja tulipika mchuzi wa nyama kwa nazi. Ukabaki, tukaufunika, tukauacha juu ya mafiga, majivu yakiwa bado na moto kidogo, tukidhani ya kuwa joto lile litaulinda. Asubuhi ulikuwa na harufu ndogo tu ya uchachu, tukasema si kitu. Tukaupasha moto mpaka ukawa vuguvugu, watoto wakaula na muhogo, kisha wakaenda kucheza. Kabla ya adhuhuri mdogo wao, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alianza kutapika, kisha kuhara, hata jioni macho yake yakaingia ndani, na alipolia hayakutoka machozi. Tukambeba kwa zamu katika matope mpaka hospitali. Usiku ule tulikaa kando yake tukimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, tukiomba, wala hatukuthubutu kutazamana usoni. Maana kila mmoja wetu alijua ya kuwa mikono iliyompa chakula kile ni yetu. Mungu akatuhurumia. Alfajiri aliomba maji mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani tuliazimia ya kuwa kiporo hakitaliwa tena kwetu. Kila kilichobaki tulikimwaga chini ya migomba. Tulidhani hiyo ndiyo hekima, kumbe ilikuwa hofu, nayo hofu ina gharama yake. Jumapili tulimwaga, Jumatatu tukakopa dukani. Mwaka ulipokwisha, deni letu lilikuwa limezidi bei ya sare za shule za watoto wawili, na mtoto wetu wa kwanza alikaa nyumbani mwezi mzima wenzake wakisoma, kwa sababu hakuwa na nguo ya kuvaa shuleni.

Siku zile bibi yetu alikuwa hai. Yeye alizaliwa na mwanamke aliyekuwa mtumwa. Wasomaji wetu wajua ya kuwa mwaka 1897 sheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba, na mwaka uo huo wamisionari wa Marafiki walianza kazi kisiwani hapa, na shamba lao la Banani, karibu na Chake Chake, likawa mahali pa watu wengi waliotoka utumwani kufanya kazi kwa ujira na kula jasho lao. Bibi alisimuliwa na mama yake habari za kula mabaki ya sahani za wengine, na kwa ajili hiyo katika maisha yake yote hakukubali kuwekewa makombo. Basi tulitazamia ya kuwa atatusifu akituona tukimwaga.

Haikuwa hivyo. Jioni moja alitukuta na sufuria mkononi, akatuuliza tunafanya nini. Tukamwambia, "Bibi, hatutaki kuwalisha watoto makombo." Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wajukuu zangu, hamjui maana ya neno hilo. Kinachobaki sahanini baada ya watu kula ni makombo. Kinachowekwa kando kabla ya watu kula ni akiba. Mama yangu alikula makombo kwa kuwa hakuwa na chungu chake. Ninyi chungu mnacho, na mwakimwaga."

Neno lile lilituchoma. Tena alitukumbusha miaka ya vita kuu ya pili. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na watu wa visiwa hivi, waliozoea wali, wakarudia muhogo na viazi. Yeye alikuwa mama kijana wakati ule, na alijua namna ya kuufanya mchuzi mchache ulishe nyumba siku mbili. Lakini alisema pia, "Mchuzi una adabu zake. Ninyi mliukosea adabu, ukawaadhibu."

Baadaye muuguzi mmoja alitueleza adabu hizo kwa maneno ya elimu. Alisema ya kuwa vijidudu vya maradhi havipendi baridi kali wala moto wa kuchemka, bali hupenda vuguvugu, na katika joto kama la kwetu huweza kuzidi maradufu kila dakika 20. Mchuzi wetu kukaa juu ya majivu usiku kucha ulikuwa kama kuviwekea kitanda. Tena vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo chakula kilichokwisha kuharibika hakitengenezwi kwa moto. Tui la nazi nalo huchacha upesi kuliko kitu kingine chote chunguni.

Tulipoyasikia hayo tulikumbuka mambo mawili katika Maandiko. Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, hakuviacha vipande majanini. Aliwaagiza wanafunzi wavikusanye, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kufanya mikate mingi kwa neno moja hakudharau kipande. Lakini kule jangwani, Waisraeli waliobakiza mana mpaka asubuhi kinyume cha neno la Musa waliikuta imeota mabuu. Basi kuna kubakiza kwa shukrani na kwa utaratibu, na kuna kubakiza ovyo. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaongeza kwa unyenyekevu, akiba ya mchuzi huoza isipotunzwa.

Haya ndiyo tuyafanyayo tangu siku zile.

Kwanza, mchuzi ukiisha kuiva, na kabla ya kutia tui, twapakua sehemu ya akiba katika bakuli safi. Mkono wa mtu haujaigusa, wala kijiko kilichotiwa kinywani. Tui hutiwa katika sehemu ya kuliwa sasa tu.

Pili, akiba ile hupozwa upesi: twaimimina katika chombo kipana, twakiweka ndani ya beseni la maji baridi, na kukifunika kwa kawa ili nzi wasitue. Haikai hivyo zaidi ya saa mbili.

Tatu, mwenye jokofu na aweke humo, na aitumie kabla siku tatu hazijapita. Asiye na jokofu na apike mchana na kuitumia jioni ile ile, isilale.

Nne, wakati wa kuitumia huchemshwa mpaka itokote pande zote, si pembeni tu, tena mara moja. Iliyochemshwa tena ikabaki, hairudi kuwa akiba. Na ikiwa na harufu au povu, imwagwe bila majuto. Ukosefu wa harufu nao si ushahidi kwa mchuzi uliolala nje.

Sasa twaja kwenye mapishi, ambayo si kazi kubwa. Kwa vikombe viwili vya mchuzi, twamenya kilo moja ya muhogo mtamu, twauchemsha mpaka ulainike, twamwaga maji yake, kisha twatia mchuzi, chumvi, na tui jepesi mwishoni. Wakati wa mashelisheli, shelisheli moja kubwa hufanya kazi ile ile, na ndizi mbichi kadhalika. Watu wanane hushiba, na ladha ya nyama imo katika kila kipande ijapokuwa nyama yenyewe haionekani.

Siku nyingine twachemsha kibaba cha kunde au choroko mpaka ziive kabisa, kisha twazitia katika mchuzi. Kunde zina nguvu ya kujenga mwili kama nyama, na kwa watoto wanaokua ni chakula bora. Mchuzi huzipa utamu, nazo huupa mchuzi wingi; kila kimoja humsaidia mwenzake, kama inavyopasa katika kanisa.

Mchuzi ukiwa kikombe kimoja tu, twaufanyia wali. Twakaanga kitunguu, twatia mchele vikombe viwili uliooshwa, mchuzi, maji ya kutosha, pilipili manga, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu, twafunika na kupalia makaa juu. Haustahili kuitwa pilau mbele ya fundi wa pilau, lakini watoto wetu huuita hivyo, nasi hatuwasahihishi. Wali huu pia usiachwe ukalala nje, maana wali una sumu yake isiyoogopa moto.

Na vikibaki vipande vya nyama, twaukausha mchuzi motoni mpaka uwe mzito, twachambua nyama nyuzi nyuzi, twachanganya na mbatata zilizopondwa, twafinyanga katlesi, twachovya katika yai na kukaanga. Nyama ya mtu mmoja huwa katlesi kumi. Wengine huumimina mchuzi mzito juu ya makaroni. Waitalia, ambao makaroni ni chakula chao, hupika mchuzi wa nyama kwa kusudi hilo, wala hawaoni aibu.

Limebaki neno moja. Sisi hatuna jokofu. Tangu mwaka 2010 umeme huja Pemba kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na nyumba nyingi zimenunua majokofu, yetu bado. Jirani yetu, mama Mwislamu, analo. Miaka kadhaa iliyopita alimwona mmoja wetu akihangaika na beseni la maji, akasema, "Jirani, leta bakuli lako kwangu." Tuliona haya kumwekea chakula chetu karibu na chakula chake, akatambua, akatuuliza, "Nyama mmenunua wapi?" Tukamtajia mchinjaji wa sokoni, ambaye ndiye mchinjaji wake pia. Akacheka, akasema, "Basi bakuli lenu ni bakuli langu." Tangu siku ile twalinda neno hilo: hakiingii chunguni mwetu kitu ambacho yeye hawezi kukila, ingawa Mtume Paulo alitupa ruhusa ya kula kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza. Uhuru wetu hauna faida ukimfungia jirani mlango. Sikukuu ya Idi ya kuchinja hutuletea fungu la nyama. Krismasi nasi twampelekea sahani, na ile tumpelekeayo haitoki katika akiba, bali hupakuliwa ya kwanza.

Mtoto yule aliyeugua mwaka 1988 sasa ana watoto wake. Mwezi huu alitutembelea. Na alipoinuka kupakua, tulimwona akitenga bakuli moja pembeni kabla ya kumpa mtu chakula. Hatukumwambia neno. Bibi amekwisha kulala katika Bwana miaka mingi, lakini jioni ile tulijua ya kuwa bado yumo jikoni.

Basi, ndugu zetu, asiwepo mama wa kuona haya kwa ajili ya mchuzi uliotunzwa vema, wala asiwepo baba wa kuudharau mezani mbele ya watoto. Na katika sala ya chakula tumshukuru Mungu kwa kilichomo sahanini, na kwa kilichowekwa kando pia.

Kwa herini. Neema na iwe nanyi.