Marimba ya Ugogo, Pwani ya Bagamoyo

Kabla ya kwenda Bagamoyo nilipita Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, ambako tangu 2008 wachoraji na wachongaji wanafanya kazi ndani ya makontena ya meli. Yamekatwa madirisha, yakawekewa umeme, yakawa karakana. Nilifurahi sana kuona bati lililobeba mizigo ya watu sasa linamhifadhi mtu anayebuni. Jiji hili lina mazoea hayo: mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na vitu hivyo viwili vya dukani vikazaa mtindo unaojulikana duniani kote.

Daladala niliipanda kituo cha Makumbusho. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege. Njia nzima mafundi seremala wamepanga vitanda na milango kandokando ya barabara. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, lakini foleni ya kutokea mjini huirefusha safari. Wenyeji walinielekeza magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Niliitazama milango, ni mizuri kweli, ila moyo wangu ulikuwa kwenye marimba.

Nimekulia Dodoma, na kwetu chombo hicho huitwa ilimba. Nilikuwa nikisikia tu kwamba kimepata makao pwani kupitia Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Chuo kilianzishwa mwaka 1981. Zawose alifariki 2003, baada ya kuzunguka dunia na sauti yake ya ajabu na marimba makubwa yenye vyuma vingi kuliko yale ya wazee wetu.

Jirani na chuo nilimkuta fundi ameketi chini ya mwembe, anafua kipande cha chuma. Nikamwamkia kwa Kigogo: "Mbukwenyi." Akaweka nyundo chini.

"Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Mvumi, baba."

Basi ikawa ndiyo njia ya kuonyeshwa kila kitu. Sanduku ni mti uliochimbwa. Vyuma hufuliwa bapa, vikabanwa juu yake. Ukikisogeza kimoja mbele au nyuma, sauti hupanda au kushuka. Nilidhani vyote hupigwa kwa vidole gumba. Sivyo. Vingine haviguswi kabisa: vimewekwa vitikisike vyenyewe wenzao wanapopigwa, na hapo ndipo unapotoka ule mwangwi unaokufanya udhani kuna mtu wa pili anapiga. Kisha akanionyesha tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui. Ni mwembamba mno, lakini ndio unaoleta mvumo. Ukipasuka, marimba hulia kikavu, na fundi huenda kutafuta mwingine kwenye kuta za nyumba kuukuu.

Nimeona maonyesho mengi ya sanaa ya kisasa, na mara nyingi ala za muziki huachiwa makumbusho ya mila, kana kwamba hakuna aliyezibuni. Sikubaliani na mgawanyo huo. Anayeongeza safu ya vyuma ambavyo kidole hakivigusi, akajua kabla ya kupiga vitajibu nini, ni mbunifu wa leo sawa na mwenzake wa kontenani Mikocheni, na kazi yake inastahili kusimama juu ya meza ileile. Msafiri Zawose, mwanawe Hukwe, ameliweka wazi jambo hili: albamu yake *Uhamiaji* ya 2017 inaunganisha muziki wa Kigogo na mitambo ya umeme, na marimba hayapotei humo.

Jioni alikuja kijana na kipaza sauti kidogo, akitaka kifungwe ndani ya sanduku. Walibishana muda mrefu. Kijana alitaka kikae karibu na tundu, apate sauti kubwa. Fundi akahofia kitapasua utando. Wakakijaribu chini, wakakijaribu pembeni, kila mara wakisikiliza spika iliyowekwa juu ya ndoo. Mara ya mwisho spika ikatoa mvumo ule wa buibui, mzito kuliko nilivyowahi kuusikia Dodoma. Fundi akacheka. "Hapo hapo," akamwambia, "usikisogeze," akachukua gundi.