Mwizi wa nguo ku kamba

Jumapili moja kisha misa nilisikia mutoto wangu wa pili anacheka peke yake na telefone yake. Nikamwuliza: «Unacheka nini?» Akajibu: «Papa, ni mwimbo ya Wazungu ya zamani. Inaongea mutu moja mwenye kuiba nguo za wanawake ku kamba!»

Nikakaa, tukausikiliza pamoja. Unaitwa «Arnold Layne», ni disiki ya kwanza ya kikundi Pink Floyd cha Uingereza, iliyotoka mwezi wa tatu 1967. Syd Barrett aliyeutunga alikuwa na miaka 21 tu. Jambo lenyewe lilitokea katika mji wao wa Cambridge: mama yake na mama ya mwenzake Roger Waters walipangisha wanafunzi wasichana, na mwizi alikuwa anaondoa nguo zao ku kamba. Radio London, iliyotangaza kutoka ndani ya meli baharini, ilikataa kuupiga. Hata hivyo ulifika nafasi ya 20 kule Uingereza.

Kijana akauliza: «Na huyu Syd, kisha alikuwa namna gani?» Hapo sikucheka tena. Syd alizoea dawa ya kulevya iitwayo LSD, na akili yake ikabadilika. Mara alisimama mbele ya watu na gitare yake pasipo kupiga. Siku moja, mwanzo wa 1968, wenzake walikuwa wanaenda kupiga muziki, wakaacha kumpitia. Mwaka 1975 aliingia studio walimokuwa wanatengeneza mwimbo juu yake yeye mwenyewe. Hawakumtambua upesi.

Mutoto akanyamaza, halafu akasema: «Papa, ni kama baba mudogo.»

Ni kweli. Mdogo wangu alikuwa anapiga gitare katika kwaya yetu. Bangi ikaingia, kisha akili ikachoka. Watu wa kartie walisema: «Balimuloga.» Siye ndugu zake tukaona haya. Siye pia tuliacha kumpitia tukienda kanisani. Chakula chake tulikipeleka nyuma ya nyumba, kama kwa mtu asiyekuwa wetu.

Syd alirudi Cambridge kwa mama yake. Aliishi kule kimya, na bustani yake na picha alizochora, dada yake akimwangalia, mpaka alipokufa mwaka 2006, akiwa na miaka 60. Hakurudi tena ku muziki, lakini jamaa yake haikumtupa.

Ninyi vijana, musidanganyike: dawa haikumpa Syd kipaji. Kipaji alikuwa nacho mbele, dawa ilimkuta nacho. Na siye wazazi, tusimalize maneno yote kwa kusema uchawi, tukifunga mlango.

Jumapili iliyofuata tulipita ku mlango wa mdogo wangu. Alikawia sana kuvaa viatu. Kengele ya kanisa ililia, siye tukamungojea.