Kurasa Sita Tu

Ndugu msomaji, mimi si msomi. Nilimaliza kidato cha nne nikapata alama za kutonifikisha popote, na tangu hapo nakula kwa vidole hivi kumi. Nachapa. Steshenari yetu iko Mwenge, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa moja inayokohoa na mashine ya fotokopi. Kwa kuwa Mlimani si mbali, wateja wetu wengi ni watu wa chuo kikuu. Wanaleta barua za kuomba kazi, tasnifu, na makala za makongamano. Usiku, bosi akishafunga hesabu, naruhusiwa kubaki na kompyuta moja niandike riwaya yangu. Hayo ndiyo malipo yangu hasa. Mshahara wenyewe unaishia kwenye nauli.

Nataka kuwasimulia habari ya makala moja, maana ilinifunza kuandika kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake.

Kwanza niieleze kazi yenyewe kwa asiyeijua. Wasomi wakikutana kwenye kongamano, makala zao hukusanywa zikawa kitabu kimoja. Sasa fikiria watu mia moja, kila mmoja na herufi zake na madoido yake: kitabu kitakuwa shuka la viraka. Ndiyo maana waandaaji hutoa kiolezo. Wahandisi wa umeme na kompyuta, kwa mfano, wengi hufuata kile cha IEEE, chama chao kikubwa chenye makao Marekani. Kichwa cha makala ni herufi za ukubwa wa 24. Maandishi ya ndani ni ukubwa wa 10, Times New Roman, safu mbili kila ukurasa. Sehemu zinahesabiwa kwa namba za Kirumi. Maelezo ya mchoro yanakaa chini ya mchoro, lakini kichwa cha jedwali kinakaa juu ya jedwali, ukigeuza umekosea. Marejeo yanapewa namba ndani ya mabano ya mraba, kwa kufuata yalivyotajwa kwenye makala na wala si kwa alfabeti. Na namba za kurasa usiweke kabisa, wataweka wenyewe. Hata karatasi ina mambo yake, kwani ile ya Wamarekani ni fupi na pana kidogo kuliko A4 yetu. Juu ya yote hayo kuna kikomo cha kurasa. Kongamano ninalolisimulia lilitaka sita tu.

Basi mwaka jana, jioni moja, aliingia dada mmoja anayesomea shahada ya uzamivu. Alikuwa ametengeneza kifaa cha kupima maji kwenye matenki ya mitaani, tenki likikaribia kukauka kinatuma ujumbe kwenye simu. Makala yake ilikuwa na kurasa nane.

"Mdogo wangu, nisaidie zifike sita. Mwisho ni leo."

"Dogo hilo, dada," nikamjibu, huku nikijiona fundi.

Nikaanza vitu vyangu. Herufi za 10 nikazishusha hadi 9. Marejeo, ambayo tayari yalikuwa 8, nikayapeleka 6. Mistari nikaibana mpaka ikapandiana mabegani. Bado zikabaki mistari kama ishirini, nikala pambizo: juu, chini, kushoto, kulia. Zikatimia sita. Dada akainamia kioo cha kompyuta.

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

Akalipa na kuniongezea ya soda.

Baada ya siku chache alirudi, akaniwekea simu mezani bila kusema neno. Makala ilikuwa imerudishwa kabla haijapelekwa kwa wahakiki, kwa sababu kiolezo kilikuwa kimechezewa. Pambizo, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari havibadilishwi, wala haijalishi una nini cha kusema.

"Hawakuisoma," alisema. "Miaka miwili napanda juu ya matenki ya watu. Hawakuisoma hata mstari mmoja."

"Wana roho mbaya hao, dada."

"Hapana. Mimi ndiye niliyeleta kurasa nane." Akachukua simu yake akaondoka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Liliniuma kwa sababu lilinigusa penye kidonda cha zamani. Miaka miwili kabla ya hapo nilipeleka riwaya yangu kwa mchapishaji mmoja mjini. Kurasa 412, mistari imeshonana, bila pambizo, maana kila ukurasa wa kuchapa ni hela. Mhariri, mzee mmoja mwenye miwani, aliifungua katikati, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, akaniuliza: "Kijana, mimi nitaandika wapi?" Nikaona ni dharau. Nani kamwambia nataka aandike chochote? Nikabeba kazi yangu, na kwa miezi mingi nikawa nawaambia washikaji kwamba wachapishaji wa nchi hii hawataki vipaji vipya.

Kumbe lilikuwa jambo lile lile. Nyote mmeziona nyumba zilizopigwa alama ya X nyekundu kwa kujengwa kwenye hifadhi ya barabara. Mwenye nyumba hulia kwamba pale palikuwa patupu tu. Hapakuwa patupu, palikuwa pa wengine. Pambizo nazo ni hivyo hivyo. Chini ya ukurasa wa kwanza, mahali nilipokwenda kujaza mistari, ndipo mchapishaji anapoweka tamko la hakimiliki. Namba ya ukurasa nayo ina mahali pake. Na ule ukubwa wa 10 unayalinda macho ya mhakiki, ambaye huenda ana makala nyingine kumi za kusoma wiki hiyo. Mimi nilikuwa nimejenga barabarani, tena kwa jina la dada wa watu.

Usiku mmoja nilisoma habari za Donald Knuth, profesa wa Stanford. Mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu la pili la kitabu chake, The Art of Computer Programming. Herufi zilikuwa mbaya kiasi kwamba alishindwa kukubali jina lake likae juu yake. Akaweka kitabu kando ili atengeneze programu ya kupanga herufi, akaiita TeX. Alidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimla kama miaka kumi. Juu ya hiyo TeX, Leslie Lamport alikuja kujenga LaTeX katika miaka ya 1980, na ndiyo wanayotumia wanahisabati na watu wa kompyuta wengi mpaka leo. Nilikaa nikimfikiria mtu aliyeacha kuandika miaka yote hiyo ili msomaji asikwazwe na sura ya herufi, halafu nikajifikiria mimi.

Mvua za vuli zilipoanza, dada alirudi. Kongamano jingine, kiolezo kile kile, kurasa sita.

"Dada, kwa nini umerudi kwangu?"

"Kwa sababu wewe huwezi kurudia kosa lile."

Nikatoa nakala kwenye karatasi na kalamu nyekundu mbili. Kabla hatujafika mbali umeme ukakatika. Dada akashika kichwa, mwisho ulikuwa saa sita usiku. Nikamwomba tusome tena tangazo kwenye simu yake. Iliandikwa kwamba saa inahesabiwa kwa mahali popote duniani, yaani siku haijaisha mpaka iishe kwa watu wa mwisho kabisa, walio nyuma ya saa za Greenwich kwa saa 12. Sisi tuko mbele kwa 3. Kwa hiyo kwetu ilikuwa mpaka saa tisa alasiri ya kesho yake. Dada alicheka mpaka akafuta machozi.

Tukakata kwa mwanga wa simu. Aya ya kwanza ilisema maji ni uhai na kwamba binadamu ameyahitaji tangu enzi na enzi. Akaipiga mstari mwenyewe. Nikacheka, na yeye akaniuliza kinachonichekesha. Nikamwambia riwaya yangu inaanza na jua kuchomoza, kurasa mbili nzima. Jedwali na mchoro vilikuwa vinasema jambo moja, tukabakiza mchoro. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini mtu anayejirudia namjua kwa lugha yoyote. "Dada, hili si umelisema ukurasa wa pili?" Akaniangalia kidogo, akakata.

Tukafika kwenye aya ya bibi mmoja wa Kimara. Maji mtaani kwake yalitoka usiku wa manane, akawa anakaa macho na ndoo akiyasubiri. Nikadhani hiyo itaondoka kwanza, maana haikuwa na namba hata moja. Dada alikaa nayo muda mrefu.

"Hii hapana," akasema. "Kifaa kiko macho usiku kwa sababu ya huyu. Hii ndiyo makala yenyewe."

Tukaiacha.

Alfajiri umeme ukarudi, dada akaenda kulala kidogo, mimi nikaingiza masahihisho bila kugusa kiolezo. Mistari miwili ya marejeo ikaning'inia ukurasa wa saba. Nikatafuta pa kukata. Nilipofika sehemu ya shukrani, nikakuta baada ya majina ya wasimamizi wake kuna sentensi ambayo sikuwa nimeiona: jina langu, la tatu kutoka mwisho wa makala, na kazi niliyoifanya. Ilikuwa mistari miwili.

Ndugu msomaji, jina langu halijawahi kuchapwa kwenye kitabu chochote. Nilikwenda nje, nikanywa chai ya kibandani, nikarudi, nikaifuta.

Dada alipokuja akaisoma mpaka mwisho. "Umejifuta."

"Kurasa sita, dada."

Tuliituma saa nne asubuhi. Baada ya wiki kadhaa alikuja mbio na simu mkononi. Wameikubali, lakini hilo hakuanza nalo. Alianza na mhakiki mmoja aliyelalamika kwamba mchoro wa pili haueleweki. "Wameisoma!" alisema. "Mdogo wangu, wameisoma!"

Nanyi wenzangu mnaoandika usiku kama mimi, sina la kuwafundisha, nawaeleza ninachofanya sasa. Jua la kurasa mbili limeondoka. Zile 412 zimepungua na bado nakata, ila kila sura ina aya moja ambayo nimejiambia hii hapana. Nimeacha mistari miwili miwili, na pambizo pana pande zote. Nikimaliza nitampelekea mzee yule mwenye miwani. Safari hii nimemwachia mahali pa kuandika.