Mashairi Manne ya Baba

Baba hakuwahi kuandika kitabu. Alichokuwa nacho ni mashairi manne yaliyotoka kwenye gazeti la Kiongozi, na kwetu Mbagala hayo yalitosha. Mpaka anazikwa, wanajumuiya walimwita Malenga.

Kiongozi ni gazeti la Kanisa Katoliki lililoanzia Tabora mwaka 1950, baadaye likahamia Dar es Salaam, ambako Baraza la Maaskofu lina ofisi zake Kurasini, hapahapa Temeke. Nyumbani lilifika baada ya Misa ya kwanza. Baba alianzia kwenye mashairi. Mahubiri yangesubiri, si ametoka kuyasikia? Alihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, na mshairi wa Songea aliyepungukiwa na silabi moja alisutwa mezani kwetu kama mtoto wa nyumbani. Vina nilivijulia hapo, miaka kadhaa kabla sijasikia kuna somo linaitwa fasihi.

Historia ya fasihi yetu tunaisimulia kwa vitabu. Mathias Mnyampala anakumbukwa, na Utenzi wa Enjili Takatifu wake ulichapwa Ndanda, kwa Wabenediktini. Mwalimu Nyerere naye alipoitia Injili kwenye tenzi, ni Wabenediktini haohao walioitoa mwaka 1996. Sawa. Lakini wapo makatekista, walimu wa msingi na makarani wa bandari kama baba, ambao mchapishaji wao pekee alikuwa gazeti la Kanisa. Jina la hata mmoja wao sikuwahi kulikuta kwenye vitabu vya shule. Kurasa zao nyingi zimefungia karanga.

Masika ya mwaka juzi maji yaliingia chumbani, sanduku la magazeti likalowa. Mama alianika ukurasa mmoja mmoja kwenye kamba, kwa vibanio, katikati ya khanga zake. Tuliokoa mashairi matatu. La nne, la ndoa, ambalo baba alilitunga walipotimiza miaka ishirini na mitano, liligandana na ukurasa wa pili yake, ukilibandua linachanika.

Mama analo beti mbili kichwani. Jioni ananitajia, mimi naandika. Tumekwama mstari wa tatu wa ubeti wa pili: yeye anasema una mizani kumi na sita, mimi kila nikihesabu napata kumi na tano.

"Basi hujasikia vizuri," ananiambia. "Baba yako hakuwa wa kupunguza mizani. Andika tena."